UZI: Mgonjwa amefaulu jaribio la kupumua mwenyewe, tukamtoa mrija, usiku akarudi kwenye mashine. Altrasaundi ingetuonyesha nini?

DaktariWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu ni wa wenzangu wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, lakini nitaandika kwa namna ambayo hata ndugu wa mgonjwa anayesubiri nje kwenye benchi ataelewa. Mambo machache nimeyabadilisha ili wagonjwa wenyewe wasitambulike.

Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, presha ya siku nyingi, alikuja na nimonia kali. Siku ya sita kwenye mashine ya kupumulia alikuwa amechangamka: homa imeshuka, anafumbua macho, anashika mkono ukimwambia ashike. Asubuhi tukampa jaribio la kupumua mwenyewe kwa dakika 30. Mashine tukaipunguza ikabaki na msaada wa presha wa sentimita 7 za maji, na presha ya mwisho wa pumzi sentimita 5. Alipumua mara 22 kwa dakika, kila pumzi ikivuta mililita 380. Ukigawanya 22 kwa lita 0.38 unapata 58. Kwa kipimo cha Yang na Tobin cha mwaka 1991, chini ya 105 ni dalili njema, na 58 ni njema sana. Saa nne asubuhi mrija wa kupumulia ukatoka. Binti yake alilia kwa furaha aliposikia sauti ya mama.

Saa saba usiku nikaitwa. Mama ameketi wima, jasho linamtiririka, presha 190 kwa 110, kifua kinachemka kama sufuria. Nilimrudishia mrija mwenyewe. Asubuhi yake nilimkuta yule binti mlangoni na sikujua nianzie wapi.

Kinachoniuma ni kwamba karatasi zote zilisema yuko tayari. Baada ya kumrudisha ndipo tulipoomba mashine ya altrasaundi kutoka wodi nyingine, tukaweka probu, kile kifaa cha kushika mkononi, kifuani, na jibu likaonekana ndani ya dakika kumi. Mapafu pande zote mbili yamejaa mistari B, ile mistari myeupe inayoshuka kutoka kwenye utando wa pafu hadi mwisho wa kioo cha mashine kama miali ya tochi. Maji kidogo chini ya mapafu yote mawili. Ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, kuta zake nene, inakaza vizuri ila hailegei vizuri. Diaframu, ule msuli mkubwa unaotenganisha kifua na tumbo, ilikuwa inatembea vizuri kabisa.

Yaani tatizo halikuwa nimonia wala udhaifu wa msuli. Moyo ndio ulioshindwa, na sisi muda wote tulikuwa tukitazama pumzi.

Nitaendelea chini, naomba mnivumilie.

DaktariWaZamu

Naendelea. Kwa nini moyo ushindwe mgonjwa akitolewa mashine?

Mashine inasukuma hewa kuingia, kwa hiyo ndani ya kifua kunakuwa na presha ya kusukuma. Kwa moyo mgumu au mchovu, presha hiyo ni msaada: damu inayorudi kutoka mwilini inapungua, na ventrikali ya kushoto inatoa damu kwa nguvu ndogo zaidi. Ukiondoa mashine, mgonjwa anavuta hewa kwa misuli yake, kifua kinanyonya badala ya kusukumwa. Damu inarudi nyingi kwa mpigo, ventrikali inapewa mzigo mzito zaidi, na hofu ya mgonjwa inapandisha presha juu yake. Maji yanaanza kuvujia kwenye mapafu.

Hili si jipya. Mwaka 1988 Lemaire na wenzake huko Ufaransa waliwafuatilia wagonjwa 15 wenye ugonjwa sugu wa mapafu pamoja na matatizo ya moyo, wakiwa na katheta, yaani mrija mwembamba wa kupimia presha, kwenye mshipa wa pafu. Mashine ilipoondolewa, presha ya kujaa upande wa kushoto wa moyo ilipanda kwa wastani kutoka milimita 8 hadi 25 za zebaki. Wakawapa dawa za kukojoza maji kwa siku kadhaa, na 9 kati yao wakaweza kuachishwa mashine. Sasa hivi hatuhitaji katheta ile. Tuna probu.

Na hapa ndipo kosa letu lilipo. Jaribio tulilompa mama lilibakiza sentimita 7 na 5 za presha. Kwa wagonjwa wengi hilo ni jambo jema: utafiti wa Uhispania wa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, ulionyesha kuwa jaribio la dakika 30 lenye msaada kidogo linawatoa watu wengi salama kuliko la saa mbili kwenye kiungo cha T, kile kinachomwacha mgonjwa apumue kupitia mrija bila msaada wa mashine. Lakini kwa mwenye moyo mgumu, msaada ule mdogo ndio uliokuwa unaubeba moyo. Alifaulu akiwa bado ameshikwa mkono.

Tulimpa Lasix, dawa ya kukojoza maji, tukashusha presha, siku tatu akatoa maji zaidi ya lita mbili kuliko aliyopewa. Jaribio la pili tukalifanya kwenye kiungo cha T, bila presha yoyote, na nikampima mapafu kabla ya kuanza na baada ya dakika 30. Mistari B haikuongezeka. Tukamtoa, tukamweka kwenye barakoa ya presha usiku ule wote. Hakurudi.

SistaWaPwani

Daktari, pole kwa usiku ule, na asante kwa kuandika wazi. Mimi ni muuguzi wa ICU, Mombasa. Huku mashine ya altrasaundi tunaazima wodi ya wazazi, ina probu moja tu ile ya tumbo. Je, hiyo inatosha? Na kweli mimi muuguzi naweza kujifunza au ni kazi ya daktari wa mionzi? Nieleze unaweka wapi hasa, maana kwenye video wanapita haraka mno.

DaktariWaZamu

Sista, hiyo probu ya wajawazito ndiyo niliyotumia kwa yule mama. Kwa mapafu, kwa maji ya kifuani na kwa mwendo wa diaframu inatosha.

Mapafu: gawa kila upande sehemu sita, mbele juu na chini, ubavuni juu na chini, nyuma juu na chini. Jumla 12. Kila sehemu unaipa alama kuanzia 0 hadi 3. Pafu lenye hewa safi ni 0. Mistari B mitatu au zaidi iliyoachana ni 1. Ikishikana ikawa pazia jeupe ni 2. Pafu likionekana zito kama ini ni 3. Mwisho wa hesabu ni 36. Soummer na wenzake mwaka 2012 waliona kwamba mgonjwa aliyemaliza jaribio na alama chini ya 13 mara chache alipata shida baada ya kutolewa mrija, na aliyevuka 17 alikuwa kwenye hatari kubwa. Ila usiitazame jumla peke yake. Pima kabla na baada ya jaribio. Mgonjwa aliyeanza na 9 akamaliza na 15 anakuambia kitu ambacho 15 peke yake haikuambii.

Diaframu: mlaze mgonjwa kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo. Upande wa kulia weka probu chini ya ubavu wa mwisho, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, uielekeze juu na nyuma kana kwamba unalenga bega. Ini linakuwa dirisha lako. Utaona mstari mweupe mnene unaong'aa nyuma ya ini, huo ndio diaframu. Weka modi ya M, ile inayochora mwendo kadiri muda unavyokwenda, juu yake, na kila pumzi itachora kilima. Pima kimo cha kilima. Chini ya sentimita moja kwa pumzi ya kawaida, msuli una shida.

Na sista, hili tafadhali liandike kwenye daftari lako: pima wakati mgonjwa anapumua mwenyewe, msaada wa mashine ukiwa chini kabisa au haupo. Mashine ikisukuma hewa, pafu linajaa na diaframu inashuka hata kama imekufa ganzi. Nimeona ripoti imeandikwa "mwendo mzuri" kwa mgonjwa aliyekuwa kwenye dawa za usingizi, hapumui hata pumzi moja ya kwake.

Muuguzi anaweza, tena vizuri. Wewe uko naye saa kumi na mbili, mimi napita dakika kumi. Anza na maji ya kifuani na mistari B, hivyo viwili ni rahisi kuvitambua. Moyo na unene wa diaframu vifuate baadaye mkiwa na mtu wa kuwaelekeza. Halafu probu ifutwe kwa dawa kabla na baada ya kila mgonjwa, waya wake pia. Ikitoka ICU kwenda kwa mama mjamzito na vijidudu vyetu sugu, tutakuwa tumefanya dhambi.

MzeeWaUsingizi

Nimesoma yote. Nakubaliana kuhusu mapafu na moyo. Kwenye diaframu naomba nitofautiane kidogo, maana vijana wanaipenda sana siku hizi.

Kuna utafiti wa Vivier na wenzake, Ufaransa, 2019. Wagonjwa 191 walio kwenye hatari ya kushindwa, wote wameshafaulu jaribio, wakapimwa diaframu kabla ya kutolewa mrija. Diaframu dhaifu haikuwatofautisha waliorudi na wasiorudi. Kilichowatofautisha ni uwezo wa kukohoa. Kabla yake Dres na wenzake, 2017, walikuta diaframu dhaifu kwa asilimia 63 ya wagonjwa wanaofikia hatua ya kuachishwa, na baadhi yao waliachishwa hivyo hivyo.

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Hofu yangu ni kwamba daktari kijana atapima, atapata namba mbaya, atamwacha mgonjwa kwenye mashine siku nne zaidi "mpaka diaframu ipone". Na mashine yenyewe ndiyo inayoila ile diaframu.

DaktariWaZamu

Shikamoo mzee wangu. Sitofautiani nawe hata kidogo, na ndiyo sababu hasa ya kuanzisha uzi huu.

Kwa wasiojua kauli ya "mashine inaila diaframu": mwaka 2008 Levine na wenzake Marekani walichukua vipande vya diaframu kwa wafadhili 14 wa viungo waliokuwa wamekufa ubongo, waliokaa kwenye mashine saa 18 hadi 69 msuli haufanyi kazi. Nyuzi zake zilikuwa zimekonda zaidi ya nusu. Chini ya siku tatu! Kwa hiyo kumchelewesha mgonjwa ili msuli upate nguvu huku mashine inafanya kazi yote ni sawa na kumfunga mtu plasta ya mguu ili afanye mazoezi ya kukimbia.

Na ile namba ya unene tunayoipenda, tuitazame kwa karibu. Unaweka probu ya mishipa ubavuni, kati ya mbavu ya nane na ya kumi, unaona msuli kama ukanda mweusi kati ya mistari miwili myeupe. Mwisho wa kutoa pumzi unapima, tuseme milimita 2.0. Mwisho wa kuvuta unapima tena, 2.6. Umenenepa kwa asilimia 30, na 30 ndiyo mpaka walioutoa DiNino na wenzake mwaka 2014. Sasa mwenzako wa zamu ya usiku aweke alama ndani kidogo tu ya pale ulipoweka wewe, asome 2.4. Imekuwa asilimia 20. Sehemu mbili za kumi za milimita, unene wa nywele chache, na mgonjwa yule yule amehama kutoka "yuko tayari" kwenda "bado". Mwaka huo huo Ferrari na wenzake waliweka mpaka kwenye 36. Huwezi kumfungia mtu mlango kwa namba ya namna hiyo.

Msimamo wangu ni huu: mgonjwa akifaulu jaribio na hana historia ya kutia shaka, mtoe, usitafute sababu ya kumbakiza. Altrasaundi iende kwa aliyeshindwa jaribio, kwa aliyefaulu kwa taabu, na kwa mwenye moyo wa mashaka kama yule mama. Swali tunaloipa lisiwe "atoke au asitoke?" Liwe "anashindwa kwa sababu gani?" Maji kwenye mapafu yana dawa yake. Maji kifuani yanatolewa kwa sindano. Moyo una dawa zake. Hata diaframu iliyolala ina mpango wake, na huo nitausimulia nikipata nafasi, nina kijana wa bodaboda aliyenifundisha.

TibaKwaViungo

Naunga mkono hoja ya mzee kuhusu kikohozi. Kipimo chake hakihitaji hata umeme: shika kadi nyeupe sentimita moja au mbili mbele ya mdomo wa mrija, mwambie mgonjwa akohoe mara tatu nne. Kadi ikilowa, ana nguvu ya kutoa makohozi. Ikibaki kavu, muwe macho. Ninakifanya kila asubuhi na ninawaandikia madaktari kwenye faili, wengine wanasoma wengine hawasomi. Mgonjwa mwenye mapafu safi na moyo mzuri bado atarudi kama makohozi yanamkaba na hana nguvu ya kuyatoa, na hilo probu haiwezi kukuonyesha.

DaktariWaZamu

Wasiosoma na wasisome, mimi kuanzia kesho nitaisoma. Asante sana.

MtotoWaMzee

Samahani wakuu, mimi si mtu wa tiba. Baba yangu ana siku 11 ICU, mara mbili wamejaribu kumwachisha mashine ameshindwa. Wanatuambia tu "bado". Hii altrasaundi ina mionzi mibaya? Niwaambie wampime? Sitaki waone nawafundisha kazi.

DaktariWaZamu

Pole sana ndugu yangu, Mungu amjalie mzee nafuu. Altrasaundi haina mionzi kama eksirei, ni mawimbi ya sauti tu, yale yale wanayopimiwa wajawazito. Inafanyika pale pale kitandani na haimwumizi.

Usiwaambie wampime. Waulize hivi, kwa upole, wakati daktari anapita raundi: "Daktari, mzee anashindwa kwa sababu ya mapafu, ya moyo, ya misuli, au ya makohozi na usingizi?" Ni swali la haki kabisa kwa mtoto kuuliza. Wakiwa na jibu watakueleza. Wasipokuwa nalo, swali lenyewe litawafanya walitafute. Na kushindwa mara mbili si mwisho wa safari. Sisi wenyewe tunaita kuachisha, kama mtoto anavyoachishwa ziwa, na mtoto gani aliacha kwa siku moja?

MwanafunziMwakaWaTano

Daktari, umetuahidi kisa cha kijana wa bodaboda.

DaktariWaZamu

Kweli, niliahidi.

Kijana wa miaka ishirini na kitu, alirushwa na pikipiki akaangukia bega la kushoto. Mbavu tatu zimevunjika, mkono wa kushoto umelegea hauinuki. Wiki mbili baadaye mbavu hazimsumbui, hana homa, yuko macho, anatuandikia kwenye karatasi anataka chai. Majaribio manne, yote ameshindwa. Kila mara dakika kumi za kwanza ni nzuri, halafu pumzi zinakuwa fupi fupi, misuli ya shingo inakaza, tumbo linaingia ndani wakati kifua kinapanda. Eksirei za kwenye mashine zilikuwa safi, na watu wakaanza kusema ana woga.

Jaribio la tano nilikaa kitandani na probu. Kulia: diaframu inashuka sentimita 2, vilima vizuri kabisa. Kushoto nikapitia dirisha la wengu, ni upande mgumu kwa sababu ya hewa ya tumboni, ikabidi nisogee nyuma ya ubavu. Nikamwambia vuta pumzi. Mstari mweupe ukapanda juu kuelekea kichwani. Nikamwambia tena. Ukapanda tena. Upande wa kulia ulikuwa unavuta, wa kushoto umelala na unanyonywa kwenda juu, kwa hiyo sehemu ya kila pumzi inapotea. Modi ya M ilichora mabonde badala ya vilima, na nilimwita muuguzi aje aone ili nisiwe shahidi peke yangu.

Neva inayoendesha diaframu inatoka shingoni, kati ya pingili ya tatu na ya tano, jirani kabisa na neva za mkono. Kuvutwa kule kwa bega kulikoua mkono kuliichukua na yenyewe. Eksirei ilikuwa safi kwa sababu mashine ilikuwa inaisukuma diaframu chini na kuficha kasoro.

Kuanzia siku ile hakuna aliyesema tena ana woga. Alifanyiwa trakeostomi, yaani tundu la kupumulia shingoni, dawa za usingizi zikasimama kabisa, tukamkalisha kwenye kiti kila siku, maana akikaa wima uzito wa tumbo haumsukumi diaframu iliyolala. Mchana anapumua mwenyewe nusu saa, kesho saa moja, usiku anapumzishwa kwenye mashine. Mtaalamu wa viungo akawa naye asubuhi na jioni. Wiki ya saba mashine ikahamishiwa kitanda kingine.

Alikuja kliniki baada ya miezi mitatu, kwa miguu yake, mkono bado uko kwenye kitambaa. Nikampima tena. Kulia sentimita 3. Kushoto haipandi tena, imetulia mahali pamoja, na akivuta pumzi ndefu inashuka kidogo, milimita nne. Niligeuza kioo nikamwonyesha. Akaniomba avute tena ili aione vizuri.